Mwamba Uliobaki Tendaguru

Msikilizaji, jina la Tendaguru likitajwa tu, mazungumzo yetu huvuka bahari na kutua Berlin. Tunaulizana mjusi, yaani yule dinosaria aliyesimamishwa kwenye makumbusho huko, atarudi lini, nani aombe radhi, na nani anafaidi viingilio vya wanaokwenda kumtazama. Ni maswali ya haki, na nitayafikia. Lakini leo nataka kuzungumzia kile ambacho hakikupanda meli, yaani kilima chenyewe, kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, pamoja na matabaka ya mwamba wa mchanga na udongo mgumu yanayotokeza kwenye miteremko yake na katika makorongo ya jirani. Tumeitazama mifupa mpaka tukausahau mwamba. Nami nashikilia kwamba mwamba ndio wenye ushahidi mwingi kuliko mifupa, ndio ulio mikononi mwetu hadi leo, na ndio unaoweza kutupotea hapa hapa nyumbani pasipo mgeni yeyote kuugusa. Taifa linalodai mifupa yake bila kuutunza mwamba ilikotoka linadai nusu ya mali yake.

Historia ya uchimbaji wengi wenu mnaijua, kwa hiyo nitaipitia upesi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kutafuta madini huko Lindi, aliifikia mifupa mikubwa iliyotokeza ardhini karibu na kilima hicho. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart. Kuanzia 1909 hadi 1913 Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la Berlin likaendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck. Mamia ya vibarua walichimba kila msimu wa kiangazi, na mizigo ikabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Shehena iliyoondoka ilizidi tani 200. Haya yote yalifanyika katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye Vita vya Maji Maji na njaa kali iliyofuata, na haiwezekani kuzungumza juu ya kazi ile ya mikono bila kukumbuka watu wale walikuwa wametoka kwenye nini. Nyapara wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake, Australodocus bohetii, na mwaka 2019 ndipo mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje aliyeshiriki katika uchimbaji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza nao walichimba hapo hapo tangu 1924 hadi 1931. Yule mnyama maarufu, Giraffatitan, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo kimo chake ni mita 13.27.

Sasa tuuangalie mwamba. Tendaguru si rundo la mawe lililofukia mifupa bila mpangilio. Ni matabaka sita yaliyolaliana, kwa jumla unene wake unapita mita 100, na yaliwekwa kuanzia sehemu ya mwisho ya enzi ya Jurasiki hadi mwanzoni mwa Kretasia. Katika matatu kati ya hayo ndimo ilimo mifupa ya dinosaria, ndani ya mchanga laini na udongo mfinyanzi ulioganda ukawa jiwe. Matatu mengine, yaliyopishana na hayo ya kwanza, ni ya mchanga wenye chembe kubwa zaidi, na yamejaa kombe na konokono wa baharini. Mpishano huo tu, hata kabla hujagusa mfupa mmoja, tayari ni habari kubwa, kwa sababu unaonyesha kwamba bahari ilipanda na kushuka, ikapanda tena na kushuka tena, na kwamba wanyama wale waliishi na kufa ukingoni mwake. Mchanga umehifadhi viwimbi vya maji ya kupwa na kujaa, mikondo midogo iliyokatiza kwenye tope, na vikuta vya mchanga vilivyotenga maji ya kina kifupi na bahari kuu. Mtu aliyekulia Lindi, Kilwa au Mafia hahitaji kuelezwa sana mandhari hiyo. Ni wangwa na fungu la mchanga, ni pwani yetu hii, yenye miaka kama milioni 150.

Mwamba unasema zaidi ya hapo. Chavua iliyonaswa ndani ya mashapo inaonyesha kwamba nyuma ya pwani, upande wa bara, kulikuwa na misitu ya miti iliyo jamii moja na misonobari, na kwamba hali ya hewa ilikuwa ya joto, yenye majira ya mvua na kiangazi kirefu. Kutokana na ushahidi huo wataalamu wamependekeza kwamba dinosaria wakubwa walikuwa wakilishia huko kwenye misitu, na kushuka pwani kwa vipindi, hasa nyakati za ukame. Tazameni namna hoja hiyo ilivyojengwa. Mfupa wa paja wenye urefu wa kumpita mtu mzima unakuambia mnyama alikuwa mkubwa. Haukuambii alikula wapi wala kwa nini alifia kwenye tope la pwani. Maelezo hayo yametoka kwenye chavua isiyoonekana kwa macho, kwenye chembe za mchanga, kwenye makombe ya baharini. Na katika tabaka moja la mchanga wa baharini wanajiolojia Robert Bussert na Martin Aberhan walieleza, mwaka 2004, dalili za matukio ya ghafla yaliyovuruga mashapo, yaani tufani na pengine hata tsunami. Mwishoni mwa mwaka huo huo tsunami ya Bahari ya Hindi ilifika hadi pwani yetu na kuua watu, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaipiga Mafia na mikoa ya kusini. Sisemi kwamba jiwe la kale litatutabiria kimbunga kijacho. Nasema nchi inayoishi na bahari ya namna hii ina sababu yake ya kujua bahari hiyo imewahi kufanya nini, na kumbukumbu ya zamani sana ya jambo hilo iko Lindi, ndani ya mwamba.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika hoja hii, kwa maoni yangu, ni wa kitu kidogo mno. Katika chimbo moja la Tendaguru yalitoka maelfu ya mifupa ya dinosaria mdogo aitwaye Dysalotosaurus. Wachimbaji walitaka mifupa, na mashapo yaliyoganda kwenye mifupa yalisafiri nayo tu kwa kuwa hayakutengana nayo. Yalikaa Berlin miongo mingi. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Wolf-Dieter Heinrich na wenzake waliyayeyusha na kuyachekecha mashapo hayo, wakapata meno madogo sana ya mamalia walioishi zama moja na dinosaria. Mamalia wa Jurasiki kutoka Afrika ni adimu kupita kiasi, hivyo meno hayo yenye ukubwa wa punje yakawa na uzito mkubwa katika elimu ya asili ya wanyama wa kundi letu wenyewe. Hebu tufikirie sasa jambo hili kwa utulivu. Kama kipande kidogo cha mwamba kilichoponyoka kwa bahati kilikuwa na hazina hiyo, ni kiasi gani kilimwagwa pembeni ya mashimo na kuachwa Lindi? Karibu chote. Wale waliokuwa wanatafuta kikubwa waliacha kidogo, na katika sayansi ya leo kidogo ndicho mara nyingi kinachoamua hoja.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Pamoja na tani zote zile zilizosafirishwa, kazi ya kuuelezea mwamba wa Tendaguru rasmi kwa kanuni za jiolojia ya leo, kutaja matabaka yake, mipaka yake na mahali pa kuyaona, ilichapishwa mwaka 2009, miaka mia moja kamili baada ya uchimbaji mkubwa kuanza. Na isingewezekana kwa kukaa na mifupa ndani ya ukumbi. Ilibidi Wajerumani warudi kilimani mwaka 2000, safari hii wakifanya kazi pamoja na wataalamu wa Tanzania, wapime matabaka upya hatua kwa hatua. Sehemu ya mifupa na kumbukumbu za uchimbaji wa kwanza zilikuwa zimeteketea au kupotea Berlin wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hata yule mjusi mashuhuri, msikilizaji, si mnyama mmoja. Amekamilishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa na kwa sehemu zilizotengenezwa na mafundi. Mfupa uliotengwa na tabaka lake ni kama ushanga uliodondoka kutoka kwenye uzi: bado ni mzuri, lakini huwezi tena kujua ulikuwa wa ngapi.

Na hili si la Tendaguru peke yake. Twende kusini-magharibi, Songwe na bonde la Rukwa, kwenye miamba ya mchanga mwekundu ambayo wanajiolojia huiita Galula. Kazi iliyofanyika huko katika karne hii imetoa wanyama ambao majina yao yametangazwa mmoja baada ya mwingine: Pakasuchus kapilimai mwaka 2010, mnyama wa jamii ya mamba mwenye ukubwa wa paka na meno yanayofanana na ya mamalia, aliyepewa jina la marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baada yake dinosaria Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana mwaka 2017, na Mnyamawamtuka mwaka 2019. Lakini nataka mtazame Rukwatitan alivyotufikia. Mwili wake ulizikwa kwanza na matope ya mafuriko kwenye uwanda wa mto. Baadaye mto ukahama njia, ukaufukua kiasi, ukabeba baadhi ya mifupa na kuifukia mara ya pili kwenye mchanga wa mkondo wake. Nani aliyetuambia hayo? Si mfupa. Ni tofauti kati ya aina mbili za mashapo zilizouzunguka, iliyoonekana kwa sababu wachimbaji walikuwa wakisoma mwamba wakati wakitoa mifupa. Kama wangekuja na haraka ya mwaka 1909, wangepata dinosaria yule yule na kupoteza kisa chote. Mifupa ya Shingopana nayo ilikuwa na matundu ya wadudu waliotoboa baada ya mnyama kufa, jambo linaloonyesha kwamba mzoga ulikaa wazi kwa muda kabla ya kufunikwa. Tena ni habari ya mahali na wakati, na mahali na wakati viko kwenye mwamba.

Mfano wa Nyasasaurus unalimaliza jambo hili. Mifupa yake ilitolewa katika matabaka ya Manda, kusini mwa nchi, miaka ya 1930, ikakaa kwenye makumbusho kwa miongo, na mwanzoni mwa mwaka 2013 ikachapishwa rasmi kwamba huenda ni ya dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ya ndugu yao wa karibu sana. Sifa hiyo yote inategemea umri wa tabaka. Tangu hapo wataalamu wengine wamekuwa wakijadili kama matabaka ya Manda ni ya kale kiasi kilichodhaniwa. Mfupa haujabadilika hata chembe. Lakini hadhi yake inapanda na kushuka kwa kadiri mwamba unavyosomwa upya. Sasa anayemiliki hoja ni nani? Ni yule anayeweza kwenda kwenye mwamba, akachukua sampuli, akapima, akarudi na jibu. Mwamba huo uko Tanzania, na kila mjadala wa namna hiyo utakaozuka duniani utalazimika kupita hapa.

Najua yapo majibu dhidi ya haya, na la kwanza ni kwamba tumechelewa: Wajerumani walichukua vyote, Waingereza wakakomba mabaki, na kilichobaki ni kichaka na mashimo ya zamani. Historia yenyewe inakanusha. Kama Wajerumani wangekuwa wamemaliza, Waingereza wasingechimba kwa miaka kadhaa baada yao na kuendelea kupata mifupa. Na kama wote wawili wangekuwa wamemaliza, msafara wa mwaka 2000 usingekuwa na la kufanya. Zaidi ya hayo, kilima cha Tendaguru ni mahali tu ambapo mwamba huo ulianza kujulikana. Matabaka yenyewe yanaenea mbali katika nyika ya Lindi, na sehemu kubwa imefunikwa na udongo na msitu. Kinachotishia kuyamaliza si wachimbaji wa zamani. Ni mvua inayokata makorongo kila masika na kuvunjavunja mifupa inayotokeza pasipo mtu wa kuiandika. Ni kuchota mchanga na kuvunja mawe ya ujenzi pasipo kujua mahali hapo pana nini. Ni mtu anayeokota kipande kwa nia njema na kukiweka dirishani nyumbani, bila kuandika kilikotoka. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964, na visukuku vimo ndani yake. Sheria hiyo itafanya kazi mahali ambapo mwananchi na ofisa wa halmashauri wanajua mpaka wa eneo unapita wapi, na watu hao hawawezi kulinda mpaka ambao hawakuonyeshwa.

Jibu la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa ni watu ninaowaheshimu. Wanasema kwamba kuusifu mwamba ni kuwapunguzia Wajerumani deni, kwamba siku tutakaposema "muhimu ni mwamba", wao watasema "basi, baki nao, sisi tunabaki na mifupa". Naielewa hofu hiyo. Mifupa ile ilichukuliwa chini ya utawala ambao, kwa amri ya mwaka 1895, ulikuwa umejitangaza kuwa mwenye ardhi yote ambayo machoni pake haikuwa na mwenyewe. Watu wa Lindi hawakuulizwa. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea mwezi Novemba 2023 akaomba msamaha kwa ukatili wa wakati wa Maji Maji, na kukiri huko hakuwezi kuishia kwenye makaburi huku mali iliyobebwa miaka michache baadaye ikiachwa nje ya mazungumzo. Lakini mimi naona kwamba hoja ya mwamba inaliongeza deni. Ukidai mjusi peke yake, utaletewa mjusi, au utaambiwa ni dhaifu, hawezi kusafiri, na mjadala ukafia hapo. Ukidai rekodi yote ya mwamba, unadai daftari za uchimbaji, michoro ya mashimo, picha, barua, orodha za masanduku, sampuli za mashapo na makombe ya baharini yaliyokuja pamoja na mifupa, yale ambayo hakuna mtalii anayelipa kuyatazama. Unadai pia nakala za vipimo vyote vilivyofanywa baadaye. Hakuna sababu ya udhaifu wa mifupa inayoweza kuzuia daftari kunakiliwa na jiwe la ngumi moja kusafiri. Na anayedai hivyo anaonyesha kwamba anajua thamani ya anachodai, jambo ambalo katika meza yoyote ya mazungumzo ni silaha. Dai la mifupa libaki pale pale, liimarishwe na haya.

Halafu kuna jibu la mwananchi wa kawaida, nalo linastahili kusikilizwa kwa makini kuliko yote. Anasema mawe hayaliwi. Lindi inahitaji barabara, maji, bei nzuri ya korosho. Kwa nini fedha iende kwenye mchanga wa kale? Ningemjibu kwa kumwonyesha kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mkoa ule ule wa Lindi. Gesi iliyogunduliwa hapo mwaka 1974, na ambayo tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme, imehifadhiwa katika mwamba wa mchanga wa mwanzo wa Kretasia, yaani enzi ile ile ambayo matabaka ya juu kabisa ya Tendaguru yaliwekwa. Mchanga wa zama za dinosaria umekuwa ukiwasha taa za nchi hii kwa zaidi ya miaka 20. Chembe zake zina nafasi kati yao, gesi inakaa katika nafasi hizo, na tabaka la udongo lililo juu linaizuia isitoroke. Mwanajiolojia anayetaka kujua mwamba ulioko maelfu ya mita chini ya bahari unafananaje hana macho ya kuona huko. Ana visima vichache na mawimbi ya mtetemo, na ana mahali ambapo miamba ya zama hizo imepanda juu ardhini, ambapo anaweza kuikanyaga na kuipima. Katika Bonde la Rukwa nako, ambako dinosaria wa Songwe wametoka, ilitangazwa mwaka 2016 kwamba kuna gesi ya heliamu. Siwaambii kwamba kila anayechimba mfupa atapata gesi. Nasema elimu ya kusoma matabaka ni moja, na nchi iliyoamua kuishi kwa gesi na madini haiwezi kuiona elimu hiyo kuwa anasa inapohusu mifupa na kuwa lazima inapohusu mapato. Kijana aliyejifunza kusoma mchanga pale Tendaguru anaweza kesho kuusoma mchanga kokote.

Wengine husema tuanze na jumba la makumbusho Lindi, watalii waje, fedha ipatikane, utafiti utafuata. Jumba nalitaka kama wao, na naamini watoto wa Lindi wana haki ya kuiona historia ya ardhi yao bila hati ya kusafiria. Ila mpangilio huo nauona umegeuzwa. Jumba lisilo na utafiti nyuma yake litajaa nakala za plasta na mabango yaliyotafsiriwa kutoka kwingine, na baada ya miaka michache halitakuwa na jipya la kumwonyesha mtu aliyekwisha kulitembelea. Kinachotakiwa kwanza ni cha bei ndogo zaidi: kuchora ramani ya kila mahali ambapo matabaka haya yanatokeza, kijiji kwa kijiji, kuwa na ghala kavu, lenye mtunzaji na daftari, ndani ya mkoa, ili kinachopatikana Lindi kisilazimike kwenda Dar es Salaam, sembuse Ulaya, kabla hakijaandikwa, na kila msimu wa kiangazi kuwa na wanafunzi wa vyuo vyetu kwenye matabaka hayo pamoja na vijana wa vijiji vya jirani, wanaolipwa na wanaofundishwa. Boheti bin Amrani na wenzake walithibitisha zaidi ya karne iliyopita kwamba wenyeji wa kusini wanaweza kuimudu kazi hii kwa ustadi wa hali ya juu. Walichonyimwa ni kalamu ya kuandika matokeo kwa majina yao.

Kwa hiyo siku ujumbe wetu utakapokaa tena na wenzao wa Berlin, ningependa ukurasa wa kwanza wa madai usianze na Giraffatitan. Uanze na daftari za Janensch na Hennig, shimo kwa shimo, na sampuli za mashapo zenye namba za mashimo hayo, kwa sababu mashimo yenyewe bado yapo, na mtu mwenye daftari hilo mkononi anaweza kusimama ukingoni mwa shimo moja, akalinganisha kilichoandikwa na kinachoonekana, na kuanza kupima pale walipoishia.